Bomba Lililovutwa kwa Mnyororo

Jumamosi ile Rwamba alifika Kianjokoma mapema, akitoka Meru na mumewe Kinoti na binti yao Ann. Walikuwa wamekuja kwa maombi ya shukrani ya mama yake. Mama Ruguru alikuwa amefanyiwa upasuaji wa nyonga, na sasa aliweza kutoka kitandani hadi uani kwa mkongojo, jambo ambalo akina mama wa kanisa waliona halifai kupita hivihivi bila wimbo na chakula. Hema lilisimama kati ya nyumba na shamba la majani chai. Jikoni sufuria za mukimo na njahi zilikuwa motoni tangu alfajiri. Aliyekosekana ni mmoja tu, Munyi, kifungua mimba wa nyumba ile, ambaye alikuwa kazini Mombasa.

Munyi alikuwa fundi wa mabomba ya meli. Aliteremka Mombasa akiwa kijana, Rwamba akiwa bado shule ya msingi, akaanza kwa kubeba vyuma hadi akawa msimamizi wa kikosi cha kufunga mabomba katika karakana moja ya kutengeneza meli. Rwamba alipomaliza kusomea uinjinia, ni Munyi aliyempeleka bandarini kwa mara ya kwanza, akamtembeza ndani ya tumbo la meli akimtambulisha kwa kila mtu: huyu ni dada yangu, huyu ni injinia. Kampuni ndogo ya ukaguzi ilimwajiri, na alipoolewa Meru hakuacha kazi. Alikodi chumba mtaani Majengo, ukuta mmoja na bucha ya Ishmael, akaweka kompyuta na intaneti. Vipimo kutoka melini vikawa vinamfikia huko, mbali na bahari, huku Ishmael akikata mifupa upande wa pili.

Vipimo hivyo vilitoka kwenye vibandiko vyembamba, kila kimoja mfano wa ukucha, vinavyogandishwa juu ya bomba kwa gundi. Bomba likivutika au likipinda, hata kwa kiasi ambacho jicho haliwezi kukiona, kibandiko huvutika nalo, na waya hupeleka tarakimu kwenye kompyuta. Kazi ya Rwamba ilikuwa kuzisoma tarakimu hizo na kukadiria mkazo ulio ndani ya chuma, aone kama bado kiko mbali na kiwango chake cha kuvumilia au kimekikaribia.

Wiki ile alikuwa amepima bomba jipya la mvuke katika meli ya mafuta iliyoitwa Almasi. Lilitoka kwenye boila kwenda kwenye matangi, kupasha joto mafuta mazito yasigande. Kikosi cha Munyi ndicho kilichokuwa kimelifunga. Walilijaribu kwa mvuke kidogo, tarakimu zikamfikia Majengo, na zilikuwa tarakimu nzuri, zimetulia, hazikukaribia hata nusu ya kiwango. Rwamba akaandika ripoti kwamba bomba liko salama, akatia sahihi, akafunga ofisi. Alisafiri kwenda kwa mama yake akiwa na moyo mwepesi.

Maombi yalikuwa hayajaanza wakati Tata Gladys, dada mdogo wa mama yao, alipomjia na simu mkononi akicheka.

"Rwamba, umeona kaka yako kwa grupu? Ona vile anaonea chuma."

Rwamba alikuwa ameizima sauti ya grupu ya familia tangu Jumatatu ili afanye kazi kwa utulivu. Akaichukua simu ya shangazi yake. Ilikuwa video fupi. Munyi amesimama chini ya bomba kubwa, kofia ngumu kichwani, jasho likimtiririka. Mnyororo wa kuinulia vitu vizito ulikuwa umefungwa kwenye bomba upande mmoja na kwenye mhimili wa meli upande mwingine, na kijana mmoja alikuwa akiuvuta. Mdomo wa bomba haukuelekeana na mdomo wa bomba lenzake. Ulikuwa umekaa kando, na kati yao palikuwa na tofauti ya vidole vitatu hivi. Mnyororo ukavutwa, bomba likaja kando polepole, likilia. Munyi akalisemesha kwa Kiembu kama mtu anayemwita ng'ombe mkaidi, kisha akageukia kamera na kucheka. Bolti zikaingia. Mafundi wakapiga makofi.

"Na bado anasema hana nguvu za kuchuna majani," Tata Gladys alisema.

Rwamba hakucheka. Aliirudisha video mwanzo akaitazama tena. Halafu akaangalia ilitumwa lini. Jumanne. Vibandiko vilikuwa vimegandishwa Jumatano.

Watu walikuwa wakiongea pembeni yake na maneno hayakumfikia. Kibandiko hupima kile kinachotokea baada ya kugandishwa tu. Kilichokuwamo ndani ya chuma kabla ya hapo hakikijui. Ni sawa na kumkuta mtu tayari amebeba gunia la viazi, umwongezee debe moja, upime alivyoinama kwa lile debe, kisha useme hajalemewa. Alichokuwa amekipima yeye ni debe. Gunia lilikuwa kwenye video, na bomba lilikuwa limelibeba tangu Jumanne.

"Mbona umebadilika hivyo?" Tata Gladys aliuliza. "Unataka maji?"

"Tata, nipatie hii simu kidogo."

Aliingia chumbani kwa mama yake, akaketi kwenye ukingo wa kitanda, akafungua kompyuta yake ndogo juu ya magoti. Mchoro wa bomba alikuwa nao. Unene wa chuma alikuwa nao, na umbali kutoka kwenye mdomo ule hadi kwenye kiwiko, pale linapopinda karibu na boila. Tofauti ya vidole vitatu aliikadiria kwa kuilinganisha na upana wa bolti kwenye video. Alipiga hesabu, akaifuta, akaipiga upya kwa makadirio ya huruma zaidi. Laiti wangelivuta kwa urefu, joto la mvuke lingelirefusha bomba na kulegeza mvuto ule. Lakini walilivuta kwa upande, na mchoro ulionyesha wazi kwamba likipata joto lingejisukuma upande uleule. Kiwiko kingebeba mvuto wa mnyororo, msukumo wa joto na presha ya mvuke kwa pamoja. Hata hesabu yake ya huruma ilipita kiwango cha chuma kile, tena ilikipita mbali.

Alimpigia Munyi. Sauti ya kike ikamwambia mteja hapatikani. Alijua maana yake. Munyi alikuwa chini, kwenye chumba cha injini, katikati ya kuta za chuma ambazo simu haipenyi.

Alimpigia meneja wake, Injinia Misheck. Simu iliita hadi ikakatika. Akapiga tena.

"Rwamba, si uko kwa sherehe?"

"Injinia, Almasi wamewasha boila?"

"Wamewasha asubuhi. Wanapandisha presha polepole, saa hii wako karibu kufungua mvuke wote. Niko hapa gatini, naona moshi. Kuna nini?"

"Wazime. Watu wote watoke chini."

Upepo wa bandari ulivuma kwenye simu.

"Ripoti yako iko mkononi mwangu," Misheck alisema taratibu. "Inasema salama. Nahodha anayo, mwenye meli anayo. Meli inang'oa nanga kesho."

"Ripoti ina makosa. Bomba lilivutwa kwa mnyororo kabla ya vibandiko kuwekwa. Sikujua. Sikuuliza lilifungwa vipi, na ilinipasa kuuliza. Lile bomba lina mzigo ambao sikuupima."

"Una uhakika?"

"Nimeona video. Tofauti ni vidole vitatu, kwa upande. Kiwiko cha boila hakiwezi."

"Nani alilivuta?"

Rwamba aliinua macho. Tata Gladys alikuwa mlangoni, amefuata simu yake. Nyuma yake Mama Ruguru alisimama na mkongojo, amevaa kitambaa chake cheupe cha kanisa, akisubiri kujua kwa nini bintiye amejifungia chumbani siku ya shukrani.

"Rwamba, nitaulizwa na nahodha. Nikienda kusimamisha meli ya watu lazima niseme. Nani alilivuta?"

"Munyi," alisema. "Kikosi cha Munyi."

Rwamba alisikia viatu vya Misheck vikianza kukimbia juu ya saruji, halafu simu ikakatika.

"Munyi amefanya nini?" mama yake aliuliza.

Rwamba alijaribu kueleza. Alisema kuna bomba, kuna mvuke mkali, kuna hatari, na Munyi yuko karibu nalo. Mama Ruguru alishika fremu ya mlango. Alisikia neno moja tu katika yote yale, kwamba mwanawe yuko karibu na kitu kinachoweza kupasuka. Uso wake ulikauka. Tata Gladys alimkalisha kitandani, naye akabaki ametazama ukuta, mdomo wazi kidogo, bila kulia na bila kuomba. Kule nje akina mama, ambao hawakujua lolote, walianza wimbo.

Kinoti aliingia, akamwona mkewe, akafunga mlango. "Mama Ann, ni nini?"

"Tunangoja simu."

Walingoja. Wimbo uliisha na mwingine ukaanza. Rwamba aliiweka simu juu ya shuka akaitazama. Alifikiria mvuke unavyotoka kwenye ufa, kwamba ule ulio mkali hasa hauonekani, mtu hupita mbele yake asijue mpaka umemkata. Alikuwa amelisoma hilo kitabuni, na Munyi alikuwa amemweleza kwa maneno yake mwenyewe, siku ile ya kwanza ndani ya meli, akimwambia asitembeze mkono ovyo karibu na maungio. Hakuweza kuliondoa kichwani.

Simu ilipolia, alikuwa Misheck, na Kinoti ndiye aliyeichukua.

"Wametoka," Kinoti alisema baada ya kusikiliza. "Wote wametoka. Moto umezimwa."

Mama Ruguru alivuta pumzi kwa sauti, kama mtu aliyetolewa majini. Tata Gladys akaanza kulia. Na kabla hawajasimama, simu ikalia tena. Mara hii alikuwa Munyi mwenyewe.

"Rwamba, ni wewe?"

"Ni mimi. Uko sawa?"

"Nimetolewa chini kama mwizi mbele ya vijana wangu. Nahodha ananiuliza kwa nini nimeharibu meli yake, na dada yangu ndiye ametaja jina langu. Hukuweza kunipigia mimi kwanza?"

"Nilikupigia. Hukupatikana."

"Ungengoja."

"Kaka, hakukuwa na nafasi ya kungoja."

"Mabomba yote yanavutwa. Mimi nimefanya hii kazi tangu ukiwa unavaa sare ya shule. Hakuna bomba huja kutoka karakana likaingia bila kuvutwa kidogo. Muulize mtu yeyote hapa."

"Hilo halikuvutwa kidogo."

"Bomba liko zima. Nimelishika na glavu nikitoka. Hakuna tone. Na wamenisimamisha kazi, Rwamba. Ufurahi."

Mama Ruguru alikuwa amesikia, kwani chumba kilikuwa kidogo. Alimtazama bintiye kwa namna ambayo Rwamba hakuwahi kuiona usoni pake.

"Kumbe halijapasuka," mama alisema.

"Halijapasuka, Mami."

"Na umemtoa ndugu yako kazini."

Walitoka nje kwa sababu padri alikuwa amefika. Mama alishukuru kwa sauti hafifu, watu wakadhani ni nyonga inamsumbua. Chakula kililiwa. Walirudi Meru, Ann amelala kiti cha nyuma. Walipopita Chuka, Rwamba alisema, "Labda nimekosea hesabu." Kinoti hakuondoa macho barabarani. "Kama umekosea," alisema, "watu wako hai na umekosea."

Mwenye meli alikasirika, kama ilivyotarajiwa. Alitaka ithibitishwe kwamba bomba lilikuwa na hatari, la sivyo kampuni ya ukaguzi ingewajibika kwa hasara. Misheck akaamua jambo lililo wazi: bomba likiwa limepoa, wafungue zile bolti waone litafanya nini. Kama hesabu ya Rwamba ilikuwa kweli, bomba lingerudi kando. Kama si kweli, lingekaa palepale. Na kwa kuwa hakuna aliyelijua bomba lile kama Munyi, alimwita Munyi, ingawa alikuwa amesimamishwa, aje alifungue kwa mikono yake.

Rwamba alitazama kutoka ofisini kwake Majengo. Vijana wa Misheck walikuwa wamevuta waya wa intaneti hadi chumba cha injini, na simu ikafungwa kwenye nguzo ili aone kila kitu. Aliona bomba, aliona kiwiko, aliona mgongo wa kaka yake.

"Munyi," aliita. "Kabla hujagusa bolti, lifungeni kwa minyororo miwili. Na usisimame upande wa kushoto."

Hakugeuka. "Injinia amesema nini?" alimuuliza Misheck, ingawa alikuwa amesikia vizuri.

"Amesema minyororo miwili."

"Kwa bomba baridi?"

"Funga, Munyi," Misheck alisema.

Munyi alifunga. Alifanya kwa haraka ya mtu anayetaka ionekane ni upuuzi, lakini mikono yake haikujua kufanya kazi mbaya. Minyororo ilikaa sawa, ikakazwa. Kisha akachukua spana akaanza. Bolti ya kwanza ilitoka kwa shida, ya pili kwa shida zaidi, na fundi mmoja akasema zimekwama kwa sababu zimelaliwa na bomba kwa upande. Rwamba aliona namna Munyi alivyosita. Bolti isiyo na mzigo hutoka kwa vidole baada ya kulegezwa, na hizi zilikuwa zinang'ang'ania hadi uzi wa mwisho. Munyi alijua hilo kuliko mtu yeyote mle ndani. Alirudi hatua moja nyuma. Akaondoka upande wa kushoto. Akanyoosha mkono na spana ndefu, akaigusa bolti iliyofuata.

Mlio uliotoka ulikuwa kama wa bunduki. Bolti zilizobaki zilikatika zote kwa pamoja. Bomba liliruka kando, minyororo ikakazwa kwa kishindo, mmoja ukakatika, na simu ikaanguka kutoka kwenye nguzo.

Rwamba alibaki akitazama dari ya meli. Taa moja, kutu, vumbi likishuka polepole. Hakukuwa na sauti yoyote ya mtu.

"Munyi," alisema. Halafu akalisema tena jina hilo, na tena, bila kujua kwamba sauti yake ilikuwa imepanda hadi kupita ukutani. Ishmael wa bucha alisukuma mlango akiwa na aproni yake yenye damu, kisu bado mkononi. "Injinia, kuna nini? Nani amekuvamia?" Rwamba alinyoosha kidole tu kwenye kompyuta, na Ishmael akainama kutazama dari ile tupu, kisu kikining'inia, bila kuelewa anachokitazama, akanong'ona Bismillahi.

Kisha mkono ukaokota simu, na uso wa Misheck ukatokea, mweupe kwa vumbi.

"Wako sawa," alisema. "Wote wako sawa. Ngoja. Ngoja kidogo nikae."

Aliigeuza simu. Mdomo wa bomba ulikuwa umehama si vidole vitatu alivyovikadiria Rwamba bali kiganja kizima, na ulikuwa umepita mahali pale kifua cha Munyi kilipokuwa alipoanza kazi. Ni ule mnyororo wa pili uliolizuia lisiendelee hadi kwa vijana waliokuwa nyuma. Kwenye kiwiko, rangi waliyoipaka baadaye kufichua nyufa ilichora mstari mwekundu mwembamba kandokando ya mahali palipochomelewa, mrefu kama kidole cha shahada. Ufa ulikuwa umeanza tangu Jumamosi, ndani ya chuma ambacho Munyi alikishika akasema ni kizima.

Munyi alikuwa ameketi sakafuni, mgongo ukutani, spana bado mkononi. Alitazama kamera. Vijana walijaribu kumtoa spana mkononi na vidole vyake havikufunguka.

Mwenye meli hakuzungumzia tena kuchelewa. Bomba liliondolewa, likatengenezwa jingine kwa vipimo vilivyochukuliwa ndani ya meli yenyewe, likaingia bila mnyororo. Vibandiko viligandishwa kabla ya bolti ya kwanza kukazwa, na Rwamba akaandika ripoti mpya. Munyi hakuwepo. Alikuwa amepewa likizo isiyo na mwisho uliotajwa, akapanda basi kurudi Kianjokoma.

Mama Ruguru alimpigia Rwamba baada ya siku kadhaa. Hakuyataja maneno aliyoyasema chumbani. Alisema, "Njoo umwone kaka yako. Hali chakula, na mfuniko wa sufuria ukianguka anatoka nje mbio."

Rwamba alimkuta Munyi kwenye shamba la majani chai, amesimama kati ya mistari bila kuchuna. Alikuwa amekonda. Rwamba alisimama karibu naye, asijue aanzie wapi.

"Nilitaka kukupigia wewe kwanza," alisema.

"Najua." Munyi alikata tawi dogo akalizungusha vidoleni. "Ungenipata, ningekwambia ungoje. Ningewaambia waendelee. Si hilo linaloninyima usingizi."

"Ni nini?"

"Nimefunga mabomba tangu nikiwa kijana, Rwamba. Nilifundishwa hivyo na aliyenifundisha, kwamba bomba likikataa, livute. Nimefundisha vijana hivyo." Alimtazama sasa. Macho yake yalikuwa mekundu. "Ni meli ngapi zinatembea huko nje na mabomba niliyovuta?"

Katika siku zote hizo, Rwamba akihangaikia Almasi na ripoti yake na ndugu yake, wazo hilo halikuwa limemjia. Lilimjia sasa lote kwa pamoja. Meli ziliingia Mombasa, zikatengenezwa, zikatoka. Zilikuwa zimeenda popote. Kila moja ilikuwa na watu ndani, wakipita kando ya mabomba hayo wakienda kula, wakienda kulala.

"Si zote zilivutwa vibaya," alisema hatimaye. "Nyingine ni kidogo tu. Chuma kinavumilia."

"Unajua zipi?"

"Sijui."

"Mimi nazijua," Munyi alisema. "Zile mbaya nazikumbuka. Mtu anakumbuka bomba lililomsumbua."

Walirudi nyumbani. Mama Ruguru alikuwa ameketi kwenye benchi uani, mkongojo magotini, na alipowaona wakija pamoja alisogea kuwapa nafasi. Munyi aliketi. Alitoa simu yake, akampigia Misheck na kuiweka juu ya benchi ili wote wasikie.

"Injinia," alisema, "ni Munyi. Nina majina ya meli nataka kukupa. Usinikatize, nikikatizwa sitamaliza."

Akaanza kuzitaja. Alitaja meli na bomba na mahali bomba lilipokaa, na ni kiasi gani lilikataa. Kwa nyingine alipima hewani kwa viganja vyake, akasahau kwamba Misheck hamwoni, na Rwamba akawa anamsemea kipimo kwenye simu. Sauti yake ilikatika mara moja, alipoitaja meli ya abiria iendayo visiwani. Mama Ruguru, ambaye hakuelewa mabomba, alielewa neno abiria. Aliuweka mkono wake juu ya goti la mwanawe na kuuacha hapo.

Misheck hakukatiza.

"Hiyo ya abiria," Misheck aliuliza, "unasema ni bomba la wapi?"

"La boila. Karibu na ngazi ya kushukia."

"Iko gatini hapa leo," Misheck alisema. "Inapakia watu." Na wakasikia kiti chake kikianguka alivyosimama.